Udongo wa kutayarisha kabla ya kupanda ukoka Jambiani

Mjenzi wa Jambiani
Assalaam alaykum. Nimemaliza kujenga nyumba Jambiani, Unguja, na mbele yake umebaki uwanja wa mita 15 kwa 10 ninaotaka kuupanda ukoka masika yakianza. Jembe likizama vidole vinne tu linagonga jiwe, na juu yake fundi ameniachia mchanga uliochanganyika na saruji. Binamu yangu anayeishi Fort Collins, Marekani, ananiambia kwamba mji wao, ili kupunguza matumizi ya maji ya kiangazi, uliwahi kumtaka mwenye kibali cha ujenzi achanganye yadi za ujazo 3 za mboji kwa kila futi za mraba 1,000, hadi kina cha inchi 6, ndipo apande nyasi. Je, kipimo hicho kinatufaa sisi wa maweni, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, au nimwage lori mbili za udongo mwekundu? Maji yangu ni ya kisima, na wakati wa kaskazi huanza kuonja chumvi.

Mkaazi wa Bububu
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Ukikigeuza kwa mita, kipimo hicho ni tabaka la mboji la sentimita 2.5 hivi, kwa mita zako za mraba 150 ni ndoo za lita 20 zipatazo 188. Kwa maweni mimi nakihesabu kuwa ndio mwanzo tu, kwa sababu ardhi ya huko haishiki maji kabisa: nilipomimina ndoo katika shimo kwa shemeji yangu, Paje, maji yalikwisha kabla sijaiweka ndoo chini.

Udongo mwekundu usiutandike kama busati juu ya jiwe. Uchanganye na mboji, mahali penye jiwe upasue kwa mtarimbo ili mizizi ipate pa kushukia, na muuzaji akuoneshe kibali cha kuuchimba. Kabla ya yote zoa ule mchanga wa saruji. Ardhi ya matumbawe tayari ina chokaa nyingi, na saruji huizidisha, nyasi zikashindwa kupata madini ya chuma na kugeuka manjano. Mwenyewe akadhani zina kiu, akazidi kuzimwagia maji.

Bi Mkubwa wa Wete
Naongeza dogo tu, mwanangu. Samadi ukitia mkono katikati ya rundo ukakuta joto, haijaiva, iache. Na vumbi la makumbi ya nazi ni zuri kwa kushika maji, lakini makumbi yaliyofukiwa pwani yana chumvi, hivyo lisuuze kwa maji matamu mara kadhaa.

Mchimba Visima
Maji matamu ya pwani yanaelea juu ya maji ya bahari, na pampu ikivuta kwa pupa, ya chumvi hupanda. Nyasi zikitumia milimita 4 kwa siku, uwanja wako utakunywa lita 600 kila siku. Ningekushauri upande nusu yake, na uchague paspalamu, aina ya nyasi ambayo huvumilia chumvi kuliko nyasi nyingi.

Mjenzi wa Jambiani
Ahsanteni sana, na shikamoo Bi Mkubwa. Hesabu ya lita 600 imenishtua kuliko ya ndoo 188. Nitapanda upande wa baraza peke yake, na kesho naanza kuzoa mchanga.