Tupeane uzoefu: ulitendewa ubaya, baadaye ukaona Mungu katoa jema humo humo?

Mzawa wa Igoma (mleta mada):
Mwangaluka wadau. Jumatano kwenye jumuiya tulisoma mwisho wa kitabu cha Mwanzo, pale Yusufu anawaambia kaka zake ninyi mlinikusudia mabaya bali Mungu aliyakusudia kuwa mema, basi ikazuka mada mpaka chai ikapoa. Mzee mmoja akasema hata aliyekuibia ametumwa na Mungu akufundishe kitu, akina mama wakamjia juu nusura kikao kivunjike. Nikasema hili nililete kwenu watu wa Mwanza na visiwani, mliopitia wenyewe. Mahubiri tunayapata Jumapili, hapa nataka nani alikufanyia nini na kikatoka nini. Na kama hakijatoka kitu sema pia.

Popo wa Nyegezi:
Naweka kambi hapa, mkianza mniite.

Dagaa Kavu:
Ngoja nifungue. Mi nafanya biashara ya dagaa, natoa visiwani naleta Mwaloni pale Kirumba. Nilikuwa na mwenzangu tunachanga mtaji, yeye anakaa kisiwani ananunua, mi napokea mzigo huku natafuta wateja. Sasa dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwaka mnapumzika, kwa hiyo giza linapoanza ndo unatuma hela. Giza lile nikatuma yote mpaka ya kikoba, simu yake ikawa haipatikani. Nikapanda boti nikaenda, chumba alichokuwa amepanga nikakuta ndala moja na gunia tupu. Nikakaa juu ya lile gunia nikacheka aisee, kulia kulikuja baadaye, siku wenzangu wa kikoba walipokuja kubeba friji na makochi.

Hela iliyobaki ilikuwa haitoshi kununua mkavu, inatosha ndoo chache za wabichi, ikabidi nianike mwenyewe. Wengi wanamwaga chini mchangani, ukija kula unasikia krakra kwenye meno, na mzigo wa hivo mwingi unaishia chakula cha kuku, bei unaijua. Kuna mama mmoja wa kanisa la AICT naye kaliwa hela na mtu yule yule, akaniambia mdogo wangu tukianika chini tutabaki chini, tutengeneze chanja. Tukaanza wawili, wakaja wengine, leo tuko kikundi na dagaa wetu mtu anawatafuna bila kuwaosha. Kabla ya kugeuza mzigo tunaomba, na hata ile kuomba pamoja sikuwa nayo zamani, nilikuwa mtu wa kukimbizana na boti tu. Kwa hiyo jema lipo naliona kwa macho. Ila kama Bwana angeniuliza kabla ningemwambia nipeleke semina ya chanja nikajifunze huko, friji yangu niachie 😂

Popo wa Nyegezi:
😂😂 semina ya chanja. Haya, endeleeni.

Kaka Mkubwa:
Ya kwangu ni ya mdogo wangu. Alishirikiana na wenzake wakafungua mashine ya mtumbwi wa watu usiku, na kwa msiojua maisha ya ziwani ukimwibia mtu mashine umemwibia na ada za watoto, maana mtumbwi unabaki juu ya mchanga jua linaupiga mbao zinaachia, vijana waliokuwa wanavua nao wanahamia kwa tajiri mwingine. Wakakamatwa wakitafuta mteja, dogo akafungwa. Mwenye mashine ni mzee wa kanisa, na mwanzoni hakutaka hata kusikia jina la dogo, mimi mwenyewe tukikutana njiani ananisalimia kwa kichwa. Halafu siku moja nimeenda kumwona dogo nikamkuta yule mzee getini, kashika rambo lina mche wa sabuni na sukari. Hakunieleza kitu na mi sikuuliza, tukakaa benchi moja kama watu wanaosubiri daktari.

Dogo alipotoka ni yeye aliyemchukua. Msidhani alimpa mtumbwi, hapana, alimpa kazi ya kushona nyavu nchi kavu pale pale anapoweza kumwona. Polepole wakazoeana, mpaka leo ndo mlinzi wa mashine pale mwaloni, watu wanacheka ila ukweli anajua mbinu zote za wezi. Na ameokoka kabisa, siyo ule wokovu wa gerezani wa kutafuta msamaha. Sema mama yetu alifariki dogo akiwa ndani, hakumzika. Kwa hiyo mtu akiniambia yote yale yalikuwa mpango mzuri namwangalia tu.

Katekista Mstaafu:
Mwanangu, huyo mdogo wako ni Onesimo. Soma barua ya Filemoni, ni fupi, unaimaliza kabla ugali haujaiva. Mtumwa kamkimbia bwana wake, akakutana na Paulo aliyekuwa kifungoni, akabadilika, na Paulo anamrudisha akisema mpokee kama ndugu. Lakini angalia kitu ambacho wahubiri wanakiruka: Paulo hakumwambia Filemoni kwamba kwa kuwa huyu kaokoka basi hasara yako imefutika. Alimwambia kama amekudhulumu kitu niandikie mimi, nitalipa, na hapo akaandika kwa mkono wake mwenyewe. Sasa huyo mzee wenu mwenye mashine kafanya kazi ya Paulo na ya Filemoni kwa pamoja, mpelekeeni kuku.

Binti Sengerema:
Nimesoma zote nikawa naandika nafuta. Basi niseme. Nilipata mimba nikiwa kidato cha pili, na haikuwa mapenzi, ilikuwa ni mtu mzima kwenye nyumba niliyofikia nikisoma. Enzi hizo ukigundulika na mimba shule ndo basi tena, serikali imekuja kuruhusu wasichana warudi Novemba 2021 mi nilishakuwa muuza maandazi siku nyingi. Kanisani walinihamishia benchi la nyuma. Kuna bibi mmoja tu alikuwa anatoka kule mbele kwenye nafasi yake anakuja kukaa na mimi, haongei, ananipa kitabu chake cha nyimbo tunashika pamoja.

Mwanangu sasa anaimba kwaya ya watoto, akisimama pale mbele na ile sare yake mi siangalii mtu mwingine. Ni jema? Ni jema, tena sina kubwa zaidi ya hilo. Lakini kuna siku yule mtu alimtuma shangazi aniambie nisiwe na kinyongo, eti bila yeye nisingempata huyu mtoto, Mungu ana njia zake. Jamani. Nilitetemeka mpaka unga ukanimwagikia. Hilo neno la Mungu aliyakusudia kuwa mema alilisema Yusufu, yeye ndo alitupwa shimoni akauzwa, na alilisema kwa muda wake, baada ya kulia sana. Kaka zake hawakulisema. Wao walimwangukia miguuni. Kwa hiyo nikisema mimi kwamba Mungu katoa jema, sawa, ni langu nimelisema. Huyo hana ruhusa.

Mzawa wa Igoma:
Dada yangu pole sana na asante. Jumatano ijayo naenda kulisema hili kwa yule mzee, kwa heshima lakini nitalisema.

Katekista Mstaafu:
Mwambie na hili. Sisi Wakatoliki usiku wa Pasaka kwenye ile Mbiu tunaimba kwamba hata dhambi ya Adamu ni kosa lenye heri kwa sababu ilituletea Mkombozi wa namna hii, na Agostino wa Hippo naye aliandika kwamba Mungu aliona ni bora kutoa mema katika mabaya kuliko kutoruhusu baya lolote liwepo. Ni maneno makubwa na nayaamini. Lakini yanaimbwa Pasaka, Ijumaa Kuu hayaimbwi. Tena soma Matendo sura ya pili, Petro anawaambia watu Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu, na hapo hapo bila kupumua anawaambia ninyi mkamwua. Walipouliza tutendeje hakuwajibu tulieni ulikuwa mpango, aliwaambia tubuni. Na Paulo kwa Warumi, wanaosema tuzidi kutenda dhambi ili neema iongezeke, aliwajibu hasha.

Mkerewe Halisi:
Naheshimu mnachoandika. Mi ni mtu wa kisiwa cha Ukara. Septemba 2018 kivuko chetu, MV Nyerere, kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya, siku ya gulio, watu wamejazana, unaona nchi kavu pale. Wahubiri wanapenda kusimulia yule fundi aliyetolewa hai baada ya siku mbili, na mi nilishangilia kama wengine. Ila waliokufa ni zaidi ya 200, vijiji vizima vilikuwa vinazika. Sijaona jema lililotoka humo na nimeacha kulitafuta. Kanisani bado naenda.

Dagaa Kavu:
Pole kaka yangu. Sina la kukujibu.

Mzawa wa Igoma:
Nilisema kama hakijatoka kitu mseme. Umesema, na hakuna wa kukubishia hapa.

Popo wa Nyegezi:
Dagaa Kavu samahani mama, yule mwenzako aliishia wapi? Ulimsamehe? Na hizo chanja mnatengenezaje, nina shangazi Kayenze anaanika chini.

Dagaa Kavu:
Alirudi mwenyewe amekonda, nikamsamehe mbele ya mchungaji na nilimaanisha. Hela nadai. Tumeandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, analeta kidogo kidogo kupitia simu, ya mwezi huu bado hajaleta na nikitoka hapa nampigia. Chanja ni rahisi, miti ya kawaida kimo cha kiuno, juu unatandaza nyavu kuukuu zilizoisha kazi ya ziwani, usizikaze sana maana dagaa wabichi ni wazito. Gharama iko kwenye turubai la kufunikia mvua ikija, hapo shangazi asinunue la bei rahisi.