Ufuta ekari tatu, kilo 410 tu! Tatizo ni ardhi au majani (magugu)? Msaada wakuu

mkulima_wa_kusini
Wakuu habari za jioni. Nipo Nachingwea, huu mwaka wa tatu nalima ufuta. Mwaka wa kwanza ekari tatu nilitoa kilo 700 na kitu, wa pili zikashuka, mwaka huu nimepeleka AMCOS (chama chetu cha ushirika) kilo 410, yaani ukitoa trekta, mbegu na vibarua nimebaki nacheka peke yangu. Bei ya mnadani haikuwa mbaya ila mzigo wenyewe ndo hakuna. Majirani wanasema ardhi imechoka. Sasa kuna wafugaji wa Kisukuma wana zizi kama kilomita nne toka shambani, samadi wanasema njoo ubebe tu, nataka nikodi kanta nimwage kabla ya mvua za Desemba. Ila jamaa yangu alimwaga msimu uliopita yakaota majani mpaka ufuta ukapotea. Nianze na samadi au na dawa ya majani?

mzee_wa_mbaazi
Kabla hujakodi kanta tujibu. Ulipanda lini, kwa mstari au ulitupa? Palizi ya kwanza ulipiga lini?

mkulima_wa_kusini
Wiki ya mwisho ya Januari mzee wangu. Tulichanganya mbegu na mchanga tukatupa, mke wangu ndo fundi wa hilo. Palizi nilichelewa kidogo, vibarua wote walikuwa kwenye mahindi ya watu, kwahiyo ufuta ulikuwa magotini, kama wiki ya sita hivi. Kupunguzia sikupunguzia, niliona huruma kung'oa kitu kimeota vizuri.

mzee_wa_mbaazi
Huruma hiyo ndo imekula kilo zako kijana. Ufuta utotoni ni mvivu sana, mwezi wa kwanza unashughulika na mizizi huku juu uko kama kidole, na majani hayakusubiri, kwahiyo wewe ulipofika na jembe wiki ya sita vita ilishaisha zamani. Palizi ya kwanza ni wiki ya pili, ikizidi sana ya tatu, na siku hiyohiyo unapunguzia udongo ukiwa na unyevu. Ya pili piga kabla haujaanza maua, na iwe juu juu, ukichimba unakata mizizi. Halafu acha kutupa. Panda mstari, sentimita 50 mstari hadi mstari, na ukishapunguzia mche hadi mche sentimita 10, hapo ekari inabeba mimea kama elfu 80 na mbegu kilo mbili zinatosha. Mchanga endelea kuchanganya, unasaidia mbegu isirundikane. Kwenye mstari kibarua anaona pa kupitisha jembe, ukitupa anakata na ufuta wako humohumo na hela unamlipa.

boda_mkulima
Mambo ya jembe yamepitwa mzee. Bro piga dawa ya majani ya 2,4-D yakiwa madogo ulale zako.

mama_shamba_Masasi
@boda_mkulima usimponze mwenzio jamani! Hiyo inaua majani mapana, na ufuta wenyewe ni jani pana, utalala kweli na utaamka huna shamba. Hata bomba lililopigia hiyo dawa kwenye mahindi usilipeleke kwenye ufuta kabla hujaliosha sanasana. Za kuua nyasi tu zipo na ufuta zinauacha, ila soma kibandiko au muulize bwana shamba, maana ndago, lile gugu sugu linalofanana na nyasi, haishtuki kwa hizo, ndago ni jembe tu.

Kuhusu samadi mkulima, jamaa yako alimwaga mbichi. Ng'ombe anakula nyasi na mbegu zake, zinapita tumboni nyingine zikiwa nzima, ukimwaga hivyo umepanda majani kwa gari. Ibebe sasa hivi kiangazi, irundike, mwagia maji, funika na majani ya migomba au turubai, geuza kila baada ya wiki mbili tatu. Lundo likichemka vizuri mbegu nyingi zinakufa. Ikiwa nyeusi, haina joto wala harufu kali, chukua ndoo moja imwagilie wiki nzima, yakiota majani bado haijaiva. Tani mbili kwa ekari zinatosha, usimwage zizi zima, mbolea ikizidi ufuta unarefuka tu, unalala na vitumba vichache.

mzee_wa_mbaazi
Naunga mkono dada. Na mvua za kwanza lima uyaache majani yaote, halafu ukija kupanda rudia juu juu, hapo umeua kundi la kwanza bure. Miaka mitatu ufuta juu ya ufuta nayo sio, ekari moja weka karanga au mbaazi.

mkulima_wa_kusini
Daah nimeelewa, kumbe mimi nilikuwa nalisha majani. Basi nafanya hivi, ekari moja mbaazi, mbili ufuta wa mstari, na samadi naweka ekari moja tu nione tofauti kwenye mzani. Vibarua wa palizi nawapa kishika uchumba mapema kabla hawajachukuliwa. Ila hao wafugaji wamenipa wazo, wanasema badala ya kanta waje walaze ng'ombe shambani kwangu usiku mwezi mzima. Mnaonaje?

mama_shamba_Masasi
Hapo unarudi kulekule kwenye samadi mbichi. Wakilaza, walaze upande wa mbaazi, na makubaliano yaandikwe kwa mtendaji, ikifika Februari ng'ombe hawakumbuki mpaka.

boda_mkulima
Hahaa mama hapo kwenye mpaka umenena. Na 2,4-D nimeifuta kichwani, sijalima ufuta mimi nina mpunga.