Hii Wildcat ni F4F-4 kweli au nimeuziwa FM-2? Naomba ushauri

Wakuu habari zenu, nimekwama. Nimenunua mtumba boksi la modeli ya Wildcat (ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili) skeli 1/72, juu limeandikwa toleo la F4F-4, karatasi ya maelekezo hamna. Sasa jana usiku napanga vipande mezani naona bawa lina matundu mawili tu ya bunduki kila upande wakati F4F-4 ilikuwa na tatu tatu, nikasema basi labda F4F-3 maana ile ilikuwa na nne jumla, lakini wapi, bawa lina mstari wa kukunjia na F4F-3 haikukunja mabawa! Kuna toleo la FM-1 nalo, bunduki nne na mabawa yanakunjwa, ila huu mkia wa wima mrefuuu halafu injini ina silinda tisa safu moja, hapo ndo nahisi FM-2 kabisa.

Mi nilitaka kutengeneza Martlet II, yaani Wildcat ya Waingereza, zile zilizoruka kutoka meli ya kubeba ndege Illustrious Mei 1942 kule Diego Suarez, Madagaska. Hiyo injini yake silinda 14, safu mbili.

Je nipunguze mkia na kutoboa matundu, au nitafute boksi lingine tu? Kukata plastiki naweza, injini ndo inanitoa jasho.