Ushauri: nachambua mwanga na shoti za mwanzo wa filamu, nimekwama kwenye kivuli

Mkwamo: Wakuu, habari za usiku. Kesho asubuhi nakabidhi kazi ya darasa, uchambuzi wa dakika 4 za mwanzo wa filamu ya kusisimua. Kurasa tano tayari, kilichobaki ni kivuli. Jamaa yuko peke yake sebuleni, taa moja ya mezani, mara kivuli cheusi kinapita chini ya picha kutoka kushoto kwenda kulia. Jamaa wala hashtuki. Ni kifo? Ni dhamiri yake? Usingizi sina.

TaaTatu: Kabla ya maana, tafuta chanzo. Taa kuu inampiga upande gani? Upande wa pili wa uso kuna mwanga wa kujazia, au umeachwa gizani? Kama taa ni hiyo moja tu na haijasogea, kivuli kinachotembea kimetupwa na nani?

Bibi Sinema: Ninyi mnadhani hofu ni giza tu. Psycho ya 1960 inaanza mchana kweupe, tarehe na saa zimeandikwa kwenye picha, kisha kamera inapenya dirishani kama jirani mmbeya. Na Touch of Evil, 1958! Bomu linawekwa kwenye buti ya gari, halafu kamera inalifuata gari zaidi ya dakika tatu bila kukata. Marehemu mume wangu alisinzia bomu likiwa bado kwenye buti. Nilimsema mpaka anazeeka.

Mkwamo: Asante bibi, ila swali langu ni kivuli. Mengine nimeyamaliza. Rangi ni ya kijani kijani, nimeandika wivu. Kamera imeinama, nimeandika akili iliyopinda. Shoti ni za karibu mno, hata paji la uso limekatwa, nimeandika kubanwa na maisha.

TaaTatu: Imeinama shoti zote? Kwa kiasi kile kile?

Mkwamo: Zote. Ndiyo mtindo wake.

TaaTatu: Mwongozaji akiinamisha kamera anachagua pa kuinamisha, ili pale paliponyooka pawe na tofauti. Filamu gani, na umeitazama wapi?

Mkwamo: Jina si muhimu.

Kibao Kata: Hiyo dhamiri ina nywele?

Mkwamo: Ina umbo la kichwa. Na masikio.

TaaTatu: Mkuu. Nakala umeipata wapi?

Mkwamo: Basi sawa. Rafiki alinitumia kwenye simu. Mwanzoni kuna mtu anakohoa, nikajua ni ufundi wa sauti. Nimekiandikia aya nzima.

Kibao Kata: Dhamiri ilikuwa inakwenda msalani 😂😂

TaaTatu: Mtu alikaa pembeni ukumbini akarekodi skrini. Ndiyo maana imepinda. Kijani ni kamera yake kushindwa kusoma rangi. Na alivuta picha karibu, kwa hiyo kingo zimeliwa. Huwezi kuchambua shoti ambayo hujaiona yote.

Mkwamo: Lakini mtazamaji ana haki ya tafsiri yake. Na kurasa tano sizifuti usiku huu.

Mnyoofu: Hakuna anayesema neno kuhusu wizi? Watu wamekesha wakipanga taa, wewe unatazama mali ya magendo halafu unadai haki.

Jicho Kali: Mnachezewa. Kichwa, masikio, kisha kikohozi, kila kitu kinatoka kwa mpangilio kama mchezo wa jukwaani. Mwezi uliopita akaunti hii hii iliomba msaada wa kuandika hadithi ya kuchekesha. Uzi bado upo.

Kibao Kata: Nimeuona. Duh.

Mnyoofu: Kwa hiyo nimekasirika bure?

Bibi Sinema: Mimi hata kama ni uongo nataka mwisho wake.

Mkwamo: Ule uzi ni wa dada yangu, akaunti tunatumia wote. Amini usiamini. Nimeikodi filamu sasa hivi, nakala safi. Kivuli hakipo. Taa ni ya manjano, kamera imenyooka wima. Ila kwenye ile kingo iliyokuwa imekatwa, kulia kabisa, kuna mtu amekaa kitini. Muda wote.

TaaTatu: Mwanga unamgusa wapi?

Mkwamo: Viatu tu.