Mama anatumia diazepamu kila usiku kwa miezi sasa: tumwachishe vipi kwa usalama?

Binti wa Pangani aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Naomba ushauri wa wenye ujuzi wa dawa.

Mama yangu ana umri wa miaka 67 na anaishi Tanga. Baada ya kufiwa na baba alipatwa na wasiwasi mkubwa: moyo ulimwenda mbio, mikono ilimtetemeka, na usiku alikesha ameketi kitandani akisubiri kupambazuke. Daktari alimwandikia diazepamu ya miligramu 5, kidonge kimoja usiku kwa wiki mbili, na kwa kweli ilimsaidia. Wiki mbili zilikwisha lakini dawa haikukoma, kwa sababu duka moja la dawa jirani na nyumbani limekuwa likimuuzia bila kumuuliza cheti, na sasa imefika miezi kadhaa.

Siku hizi analalamika kwamba kidonge kimoja hakimtoshi, na kuna usiku huongeza nusu. Asubuhi huamka akiwa na usingizi mzito, na juzi alipepesuka akiingia bafuni akajigonga bega. Aidha, anatumia omeprazoli kwa ajili ya vidonda vya tumbo, na akipata mafua humeza Piriton.

Kaka yangu anataka tumnyang'anye vidonge vyote mara moja kabla hajawa teja. Mimi nasita. Je, kumwachisha ghafla ni salama? Na nizungumze naye vipi bila kumvunjia heshima?

Mfamasia wa Zamu alijibu:

Dada, pole kwa msiba na pole kwa kuuguza. Tafadhali mwombe kaka yako asivitupe vidonge hivyo, kwa maana katika hali aliyonayo mama, kuacha ghafla kunaweza kuwa na hatari kubwa kuliko kuendelea kwa siku chache huku mkitafuta daktari.

Diazepamu huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya asili ambayo ubongo huitumia kujituliza. Dawa ikitumika kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujirekebisha na kuitegemea, na ndiyo maana kidonge kile kile kinaonekana kupungua nguvu. Ikiondolewa kwa mara moja, ubongo unabaki kama gari lililo mteremkoni bila breki: wasiwasi hurudi kwa kasi kuliko ule wa mwanzo, usingizi hupotea, jasho na mtetemeko huanza, na kwa baadhi ya watu hutokea kuchanganyikiwa au degedege, ambayo inaweza kuua. Msidanganyike siku mbili za kwanza zikipita salama. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya diazepamu huchukua takriban saa 20 hadi 50 kutoka mwilini, na zao lake moja linaloendelea kufanya kazi hukaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo madhara ya kuacha yanaweza kuchelewa kujitokeza.

Huko kukaa mwilini ndiko kunakoeleza usingizi wake wa asubuhi. Kwa mtu wa umri wake ini huisafisha dawa hii polepole, kidonge cha leo kinakikuta cha jana hakijaisha, na dawa inajilimbikiza. Omeprazoli inaongeza tatizo, kwa kuwa inazuia mojawapo ya vimeng'enya vya ini vinavyoivunja diazepamu. Msimwachishe omeprazoli kwa uamuzi wenu, bali mwambieni daktari, kwani ipo dawa ya tumbo kama pantoprazoli isiyogongana nayo kwa namna hiyo. Piriton nayo inaleta usingizi, kwa hiyo wakati wa mafua aiache kabisa na aulize famasi dawa isiyolewesha.

Jambo ninalolihofia kuliko yote ni mchanganyiko na pombe, tramadoli au dawa ya kikohozi yenye kodeini. Dawa hizi zikikutana na diazepamu hupunguza nguvu ya kupumua hadi mtu akalala asiamke. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kuliko yote liwekwe kwenye dawa za kundi la diazepamu na za kundi la afyuni, ambamo zimo tramadoli na kodeini, kwa sababu hiyo. Mama akiandikiwa dawa ya maumivu ya bega, hakikisheni aliyemwandikia anajua kuhusu diazepamu.

Kuhusu duka lile, nasema kwa uchungu kama mtu wa fani hii. Diazepamu imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na haipaswi kuuzwa kama pipi. Cheti cha wiki mbili kilikuwa na sababu yake: nchini Uingereza, tangu mwaka 1988, madaktari wanashauriwa wasivuke wiki mbili hadi nne kwa wasiwasi mkali.

Muuguzi wa Afya ya Akili alijibu:

Naungana na mfamasia, nami nijibu lile la mazungumzo, kwa sababu familia nyingi hukwama hapo.

Mama yako hakufanya kosa lolote. Mwili wa mtu yeyote akipewa dawa hii kila siku kwa wiki kadhaa huizoea, hata kama ameimeza sawasawa na alivyoandikiwa, na neno teja lisitamkwe mbele yake, kwa kuwa mzee akiaibishwa ataanza kuficha vidonge na hapo hamtajua tena anameza vingapi. Anza na lile analoliona mwenyewe. Mwambie, "Mama, nimeona ulivyojigonga, na asubuhi hizi huna raha, twende kwa daktari atuangalizie hizi dawa zote kwa pamoja." Kisha beba kila kitu anachotumia, pamoja na dawa za miti shamba kama zipo, na umwache aeleze mwenyewe.

Tarajia daktari apunguze dozi kidogo kidogo. Miongozo ya sasa huzungumzia kupunguza kati ya asilimia 5 na 10 kila baada ya wiki mbili hadi nne, na vipo vidonge vya miligramu 2 vinavyorahisisha vipimo hivyo. Haraka haina faida hapa. Dalili zikizidi, daktari husimama kwenye dozi aliyofika hadi mwili utulie, ndipo aendelee.

Mwulizeni pia kuhusu ule wasiwasi wenyewe. Kufiwa na mume baada ya miaka mingi ya ndoa ni jeraha ambalo diazepamu hulituliza kwa usiku mmoja tu. Kama wasiwasi bado upo, zipo tiba za mazungumzo, na zipo dawa kama setralini na fluoksetini zinazohitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu Bombo, ni pazuri pa kuanzia.

Mstaafu wa Morogoro alijibu:

Nimepita njia hiyo kwa dawa hiyo hiyo, ambayo sisi wazee bado tunaiita Valium. Daktari wangu alinipunguzia polepole, na sehemu ya mwisho kabisa, ile ndogo ambayo kila mtu alidhani ni rahisi, ndiyo iliyonitaabisha zaidi. Kilichonisaidia ni mke wangu kuandika kwenye daftari dozi ya kila usiku na hali yangu ya asubuhi, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hukumbuka usiku mbaya tu. Mwambie mama asikate tamaa akipata wiki moja ngumu katikati ya safari.

Binti wa Pangani aliuliza tena:

Asanteni sana. Kaka amesoma na amekubali. Miadi yetu ni wiki ijayo. Hadi siku hiyo afanyeje? Na nyumbani kuna wajukuu wadogo.

Mfamasia wa Zamu alijibu:

Hadi siku ya miadi aendelee na kidonge kimoja usiku kama alivyoandikiwa. Zile nusu asiziongeze, lakini daktari aambiwe wazi zimekuwa zikimezwa mara ngapi, na ikiwa ni karibu kila usiku, piga simu mapema kabla ya kuzikata. Akisahau dozi, asifidie kwa kumeza viwili. Mwekeeni taa njiani kuelekea bafuni, ondoeni mikeka inayoteleza, na usiku asiende peke yake.

Mpelekeni hospitali mara moja, bila kungoja miadi, mkiona haamshiki vizuri, anapumua polepole mno, midomo imebadilika rangi, amechanganyikiwa, anaona vitu visivyokuwapo au amepata degedege, na mchukue pakiti ya dawa. Vidonge wewe au kaka mviweke kwenye kabati lenye kufuli, mkimpa mama cha usiku huo tu kwa makubaliano naye. Mjukuu akimeza hata kimoja, msimtapishe wala msimpe maziwa. Kimbieni naye hospitali.