Naomba ushauri: AC ya chumba kimoja, BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000 au 12,000?

Wakuu, habari za leo. Nina chumba cha mita 4 kwa 4 hapa Tabata, Dar: juu bati, dari ya jipsamu, dirisha linatazama magharibi. Saa 10 jioni ukuta ukiugusa ni wa moto, na mtoto wetu wa miezi 5 amejaa vipele vya joto shingoni, usiku halali. Muuzaji anasema 9,000 inatosha. Fundi anataka 18,000. Mimi naegemea inveta (AC inayopunguza kasi yenyewe badala ya kuzima na kuwaka) ya 12,000, maana AC ikizidi ukubwa wa chumba inapoza haraka na kujizima, unyevu unabaki chumbani. Mwenye chumba cha aina hii, LUKU inakula uniti ngapi kwa usiku mmoja? Au nianze na pazia zito na kizuia joto juu ya dari?