Datsun 240Z inazima ikipata moto kwenye uwanja wa mbio wa Busiika, Uganda

Muulizaji: Mafundi, 240Z, gari kama lile Shekhar Mehta aliloshindia Safari Rally 1973, inazima baada ya mizunguko michache. Ikipoa inawaka. Ni koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche?

Fundi wa Ndeeba: Ikizima tu, chomoa waya wa plagi uangalie cheche. Ikiwepo, tatizo si koili, ni petroli. Kwenye injini ya gari hili, L24, eksozi iko chini ya kabureta, upande uleule, kwa hiyo petroli huchemka kwenye bakuli la kabureta. Weka bati la kuzuia joto katikati, na uvike bomba la petroli kitambaa kisichoungua.

Mzee wa Spana: Pima nafasi ya vali pia, injini ikiwa baridi: ya kuingiza 0.20 mm, ya kutolea 0.25. Kabureta mbili lazima zivute hewa sawasawa. Usikubali kufungiwa kabureta ya Corolla, jamani!